Ngoma ya Maharagi na Kuku ya Macho

Kwetu mu Masisi milima iko mukali. Muntu akiteleza shambani asubui, familia yake inateremuka pole pole kumungojea kule chini na chakula ya muchana. Sisemi bongo. Kiazi yangu moja ilinitoroka mu mikono, ikaenda, na batu ya bondeni bangali banabishana ilikuwa ya nani. Ku mulima sawa ule njo nilijenga nyumba. Miye juu, mama-mukwe yangu chini, na katikati njia moja yenye upana wa muntu na mbuzi yake, tena mbuzi mwembamba.

Mama-mukwe, nataka kusema mama ya bibi yangu, mama ya ule mwanamuke nilioa. Na kwetu, kufuata desturi, mukwe na mama-mukwe habaangaliane ku macho. Njo heshima. Batu ya Goma baliachaka ile mambo; nasikia kule mukwe anakula na mama-mukwe ku meza moja, na banapiga foto banacheka. Lakini mama-mukwe yangu alikuwa anashika desturi sawa kupe inashika ng'ombe.

Tukikutana mu njia, kila mumoja alirukia upande yake. Yeye mu ndizi, miye mu mahindi. Siku moja nilirukia mu shimo ya kuivishia ndizi za pombe. Nikasema, bon, nitatoka akishapita. Kumbe alikuta rafiki yake pale pale juu ya kichwa yangu, bakaanza kuulizana habari ya magonjwa, ya batoto, ya kuku, ya magonjwa ya kuku. Niliingia mule shimo kijana, nikatoka na mvi.

Kwa hiyo, miaka yote ile, nilimujua mama-mukwe yangu ku mugongo, ku kikwembe, ile kitenge ya kiuno, na ku sauti. Sauti yake ilikuwa kubwa! Akiita mutoto, ng'ombe za mulima ya pili zinageuka. Miye mu kichwa nilimuchora muntu murefu sawa mukaratusi, mwenye mabega ya kubeba gunia mbili.

Kusemezana, tulikuwa tunasemezana, lakini kupitia vyombo. Yeye anasimama nyuma ya jikoni yetu, anasemesha kinu:

"Ee kinu, habari ya asubui? Mwenye hii lopango, hii boma, iko na mbuzi. Ile mbuzi imekula viazi yangu mupaka imefunga macho juu ya utamu. Weye kinu, kama ungekuwa na mikono, ungeshika kamba."

Miye ndani najibu jembe:

"Jembe, nimesikia kinu. Mbuzi itafungwa leo leo."

"Kinu, ambia jembe ile 'leo leo' niliisikia hata mwaka jana."

Bibi yangu anacheka mupaka anashika ukuta. Anatuambia: "Nyiye bawili, mungeacha kinu na jembe bioane, bitusaidie."

Basi, tuliishi vile, na tuliishi muzuri. Mupaka festivali ikakuya.

Mwaka ule vita ilipoa, barabara ikapumua kidogo. Batu balirudi mu mashamba, maharagi ikakubali. Njo tukaona muntu wa komite anapanda mulima na piki, na megafoni mu mukono. Alikuwa anapiga kelele mbele afike: "Kila kijiji ilete kitu ya bababu! Ngoma! Chakula! Masimulizi! Festivali ya utamaduni, kule Mpofi, upande ya Walikale! Mukuye na vitu yenu ya kweli, musituletee mambo ya telefone!"

Ukweli, haya ilitushika. Juu kwetu utamaduni ilikuwa imebakia mu telefone tu. Batoto bangu babinti, bakitoka shambani, banaweka telefone ndani ya sufuria juu ilie sana, kisha banacheza vitu ya Kinshasa, viuno inazunguka mupaka kuku inapata kizunguzungu. Miye mwenyewe nilikuwa nacheza. Nacheza vibaya, lakini nacheza.

Tukafanya mukutano mbele ya kanisa. Jirani yangu moja, papa mwenye anapenda kujisifu kuliko miye, akasimama akasema yeye ataonyesha namna babu yake alikuwa anaua chui na mukuki. Tukamuuliza, ule mukuki iko wapi? Akasema chui alienda nayo.

Batu bakacheka. Lakini hatukukuwa na kitu ya kuonyesha. Muntu wa komite akaanza kuwasha piki yake. Njo tukasikia sauti, nyuma ya bamama:

"Enyi ukuta ya kanisa! Ambieni benye kuwa hapa: ngoma ya maharagi haijafa. Iko mu miguu yangu."

Alisemesha ukuta juu miye nilikuwa nimekaa mbele. Miye nikainama haraka, nikaanza kuangalia viatu yangu sawa ilikuwa mipya.

Ngoma ya maharagi, kwa mwenye haijue, ni hivi. Maharagi ikishapigwa na fimbo ku kiwanja, mama anaichota mu lungo, ile chombo pana ya kupetea. Sasa anapeta akicheza. Anazunguka, anakunja magoti, kisha anarusha maharagi yote juu, yote kabisa. Wakati maharagi iko hewani, ngoma inanyamaza, hata mutoto mu mugongo hapumue. Ikirudia mu lungo, kwaa! ngoma inapiga pale pale, pamoja nayo, sawa vile maharagi njo ilipiga ngoma. Moja ikianguka chini, mama amekosa. Ngoma ikitangulia ao ikichelewa, mupigaji amekosa, na ile njo aibu ya mupaka bajukuu.

Bwana yake, baba-mukwe yangu, njo alikuwa anamupigia. Tangu alipokufa, mama akatundika lungo ku ukuta, hakucheza tena. Ile mangaribi alikuya kwetu, akakaa jikoni na binti yake. Miye niliruka nyuma ya mulango, nikasikia yote.

"Mutoto yangu," akasema, na ile siku sauti yake ilikuwa chini, "magoti yangu imeanza kulia sawa bawaba. Batoto bako habajaona hii ngoma hata siku moja. Nikifa bila kuicheza mbele yao, batanizika nayo, na hakuna mwenye atachimbua. Naomba niicheze mara moja tu, muzuri, mbele ya batu, bale babinti banione. Kisha magoti ifanye yenye inataka."

"Mama, nani atapiga ngoma?"

Bibi yangu akaangalia mulango. Mama yake, nazani, akaangalia mulango. Miye nyuma ya mulango nikaangalia chini.

Juu batu bote balijua. Ile mupigo, baba-mukwe alinifundisha miye peke yangu, tukikamua ndizi za kasiksi. Na baba-mukwe hatukukuwa na mwiko. Tulikuwa na kasiksi. Alikuwa anapiga ku mutungi na mikono, miye nafuata ku beseni, pombe inaenda, mupigo inaingia. Sasa mupigaji mumoja tu wa ngoma ya maharagi mu dunia yote, na haruhusiwe kuangalia muchezaji mumoja tu wa ngoma ya maharagi mu dunia yote! Hata shetani akikaa chini apange, hawezi kupanga muzuri vile.

"Ee mulango," mama-mukwe akasema, "ule mwenye iko nyuma yako, anasikia ao amelala?"

"Mulango," nikajibu, "mwambie nasikia. Nitapiga bila kuangalia."

Tukaanza kujizoeza. Miye na ngoma ndani ya jikoni, mulango imefungwa, moshi inanitoa machozi. Yeye inje ku kiwanja. Nilikuwa nafuata masikio. Anarusha: kimya. Maharagi inarudi, kwaa! Miye, puu! Mara ya kwanza nilichelewa, akatukana kinu. Mara ya pili nilitangulia, akatukana kinu na bababu za kinu. Lakini kisha masikio yangu ilizoea. Nilikuwa nasikia hata haragi moja moja, nilijua ile nyekundu na ile ya madoa. Usicheke, nilijua.

Na ile festivali, mbele hata ifike, ikaingia mu manyumba ya mulima muzima sawa panya. Babinti bangu bakatoa telefone mu sufuria, bakanyang'anyana lungo. Banarusha maharagi, inamwangika yote. Kuku za mulima yote zikahamia kwangu. Hata kuku za batu benye tulikuwa tumeachana kusalimiana nabo zilikuya, bila haya. Bamama bakakatala beseni ya plastiki, banataka vitunga ya kusuka, na babwana bao bakashinda ku mabonde banatafuta matete. Jirani yangu wa chui alianza kuamuka na kelele ya vita kila asubui. Bafugaji kule juu balikuya kulalamika: ng'ombe zao zinashituka, zinakatala kutoa maziwa. Tukabaambia, ni utamaduni. Bakarudi, na beye bakaanza kusifu ng'ombe zao kwa mashairi ya bababu mbele ya kukamua. Ng'ombe moja ilisifiwa mupaka ikaanza kuchagua majani.

Batu bengine balikuwa na woga kama ni zambi. Pasta akafikiri, kisha akasema maharagi iliumbwa na Mungu, na juu kule yenye tunairushia ni kwa Mungu vilevile, kwa hiyo haoni mubaya.

Siku ya kwenda ikafika. Babinti na ngoma balipanda fuso ya maharagi. Siye tukabakia na piki moja: motari, miye nyuma yake, bibi yangu nyuma yangu sawa ukuta, na mama-mukwe nyuma kabisa na lungo yake. Motari akajaribu kuondoka, piki ikasimama na gurudumu ya nyuma sawa farasi.

"Papa," motari akaniambia, "uzito yote iko nyuma. Ambia mama asogee mbele."

"Siwezi kumuambia."

"Juu ya nini?"

"Ni mama-mukwe yangu."

"Aaah!" motari akatoa kofia. "Basi tukufe na heshima."

Tukaenda. Mama-mukwe alishika lungo katikati yake na yetu, juu isitokee nikageuka kwa bahati mubaya. Lungo ikashika upepo. Ku muteremuko piki iliacha chini. Niliona miti kutoka juu, niliona migongo ya ndege. Bibi yangu katikati analalamika: "Munanikamua! Munanikamua sawa ndizi!" Na kule nyuma sauti: "Ee piki, ambia ule mwenye kukaa mbele apunguze tumbo!" Tukifika ku butope, bote tunashuka kusukuma. Miye nasukuma nikiangalia mbinguni, mama-mukwe anasukuma akiangalia butope, na piki inaenda upande yake mwenyewe juu hakuna mwenye alikuwa anaangalia njia. Bibi yangu alifika Mpofi mwembamba sawa kitabu ya nyimbo.

Mpofi ilikuwa imejaa mupaka batu balikuwa banasimama kwa zamu. Batu ya Buleusa balileta ngoma za nguvu, bakikanyaga, ndizi zinaanguka zenyewe. Bamama ya Shasha balifika na samaki za kukausha, na harufu yao ilifika mbele yao, ikapata nafasi ya kukaa. Bafugaji balileta maziwa ya kuganda na fromaji, ile jibini yao. Na katikati, mbele ya juri, bale bakubwa ba kutoa zawadi, alisimama kijana mumoja wa mikro, miwani ya jua ku macho, na nyuma yake mabafle mbili za kutoa sauti, kubwa sawa manyumba ya bakatekista.

Batu bakatundika kikwembe ku miti mbili. Miye na ngoma upande moja, mama-mukwe na babinti bangu upande ingine. Batu banatuona siye bote, siye hatuonane. Kijana wa mikro akaita kwa nguvu: "Sasa, kutoka milima ya Masisi, ngoma ya maharagi! Na mupigaji wetu, nazani iko anaoga!" Batu bakacheka. Nikasema mu roho, cheka tu, utaona.

Nikaanza. Mupigo ilienda muzuri, nasikia bamama banapiga vigelegele, nikajua anazunguka, anakunja magoti. Vigelegele ikakatika: amerusha. Nikanyamaza. Nikatega masikio ningojee ile kwaa.

Sikusikia kitu. Mabafle ilikuwa inanguruma, hmmmm, sawa ng'ombe yenye kuota. Batoto banalia, muuza mandazi anaita, na miye natafuta sauti ya maharagi ndani mule! Nikapiga puu. Batu bote bakacheka: nilikuwa nimechelewa, maharagi ilirudia zamani, hata ilikuwa inapumzika. Akarusha tena. Nikasema sasa nitawahi. Puu! Maharagi ilikuwa ingali inapanda.

"Papa wa ngoma," kijana wa mikro akasema, "maharagi inakuomba uingojee!"

Batu bakaanguka na kucheka. Na juu ya vicheko yote nikasikia miguu ya mama-mukwe inasimama. Nikajua: sasa njo mwisho. Ile mara moja yenye aliomba, nimeiua miye. Babinti bangu bamesimama pale banaona nyanya yao anachekwa, na kesho batarudisha telefone mu sufuria.

"Ee ngoma," akasema. "Mwambie mwenye kukupiga: atoe ile kikwembe."

Bibi yangu kule pembeni akapiga kelele: "Mama! Mwiko!"

"Naijua mwiko kukupita, niliikuta mbele uzaliwe. Na naijua mulango yake. Kwetu macho inafunguliwa na kuku. Iko wapi kuku yangu?"

Ilikuwa kweli. Desturi yetu inasema: mama-mukwe mwenyewe akiomba, mukwe amupatie kuku kwa mikono mbili, mbele ya batu, na kutoka pale baangaliane bila kosa. Kuku ya macho. Haiko mukwe anaomba, ni mama-mukwe. Miaka yote ile yeye hakuomba, na miye sikumukumbusha. Sikukuwa mujinga.

Lakini pale Mpofi, katikati ya ngoma, kuku natoa wapi? Nikatoka nyuma ya kikwembe mikono ku macho, naita: "Kuku! Muntu anipatie kuku!" Mama mumoja wa Buleusa alikuwa na jogoo mwekundu chini ya kwapa, alikuya kuuza. Akanitupia. Nikafungua mikono juu nishike, nikakumbuka macho, nikafunga tena, jogoo ikapita.

Ile jogoo ilikuwa na mbio! Ilizunguka uwanja, ikapita ku meza ya juri, ikakanyaga kofia ya mukubwa wa juri, ikarudi. Miye nyuma yake, jicho moja wazi kidogo, mukono moja ku uso, nikigonga batu. Batu ya Buleusa bakazani ni sehemu ya muchezo, bakaanza kunipigia ngoma. Nikiruka, puu! Nikianguka, puu puu! Kijana wa mikro analia machozi chini ya miwani: "Hii njo utamaduni! Angalia mupigaji anavyocheza!" Mwisho jogoo ilichoka mbele yangu, lakini kidogo tu. Nikaishika mu butope, nikasimama, nikanyoosha mikono mbili, kichwa chini.

Mikono mingine ikaipokea. Nikainua macho.

Muntu mumoja mudogo alikuwa amesimama pale. Mudogo, mudogo! Jogoo ilimufikia ku kidevu. Nikaangalia nyuma yake, natafuta mama-mukwe. Kisha nikaona ile pengo ya meno ya mbele, ile ile ya bibi yangu, na macho yenye ilikuwa inaniangalia kutoka vidole ya miguu mupaka nywele, pole pole, sawa muntu anachagua mbegu.

"Kumbe njo weye?" akasema. "Binti yangu aliniambia uko murefu."

"Na miye, mama, sauti yako ilinidanganya."

Akapatia mujukuu jogoo ashike, akaokota lungo. Tukaanza upya. Ile mara nilimuona. Aliinama, akazunguka, magoti ilikunjika sawa haijawahi kulia, na maharagi ikapanda. Ilipanda! Niliona jua ndani yake, nyekundu, nyeupe, madoa. Mpofi yote ilifunga mudomo, hata mandazi iliacha kulia mu mafuta. Mama-mukwe alikuwa anaangalia juu na anatabasamu, na miye naangalia yeye. Kisha ikashuka. Kwaa. Puu. Pamoja. Hakuna hata moja yenye ilianguka. Alirusha tena, na tena, na babinti bangu, mudomo wazi, bakaanza kukunja magoti nyuma yake bila kuambiwa.

Juri ikatoa zawadi ya kwanza kwa batu ya Buleusa, na ilikuwa haki yao. Siye bakatupatia sifa mbele ya mikro, lakini juu ya nini? Mukubwa wa juri, kofia yake ingali na alama ya kucha, akasema hajawahi kuona ngoma ya zamani sawa "ile ya kukimbiza jogoo". Nikajaribu kumufasiria. Mama-mukwe akanikanyaga muguu.

Kutoka pale, mu mulima yetu, ndoa haipite bila jogoo. Kijana akikuya kuoa, banamufungulia jogoo inje, banamuambia: kimbiza, njo desturi ya bababu. Bazee benyewe banasema baliionaka mu utoto. Jirani yangu wa chui anaapa kama babu yake alikimbiza jogoo mupaka Walikale na kurudi. Miye nanyamaza. Vijana banafika ku bukwe na viatu za mipira za kukimbilia, na bababa banafuga majogoo mepesi makusudi, yale ya kusumbua.

Na miye? Miye nilipata macho, nikapoteza amani. Ile mwiko ilikuwa paa ya nyumba yangu, nilijua siku yenye iliondolewa. Mama-mukwe sasa ananisemesha miye, uso kwa uso, na alikuwa na maneno ya miaka yote imepangwa sawa kuni. Asubui iko pale: "Mukwe, hii mistari ya maharagi ulipanda ukiwa unalala? Mukwe, hii paa inakuangalia, weye hauiangalie. Mukwe, ile shati, ulipigana na nani?" Nikirukia mu ndizi, anafuata mu ndizi. Bibi yangu ananiambia: "Si uliomba kuku?" Nasema: "Haiko miye niliomba!"

Lakini mangaribi, tukishapiga maharagi, ananiambia nitoe ngoma ku kiwanja, na yeye anakaa juu ya mutungi, magoti amefunga na kitambaa ya moto. Hachezi tena. Babinti banapeana zamu. Ule mukubwa, mwenye telefone, njo alikuwa anamusumbua zaidi: anarusha sawa anafukuza nzi, maharagi inaenda kila upande, nyanya anapiga kelele mupaka bondeni.

Wiki iliyopita tulikuwa tumeanika mavuno yote inje, ile ya kula na ile ya mbegu. Mawingu ikajaa upande ya Walikale, nyeusi. Mama-mukwe, ukimuonyesha wingu kubwa sawa kofia, anakimbiza mulima muzima baingize maharagi ndani. Muntu akiacha hata haragi moja inyeshewe, anamusema mupaka Noeli. Ule binti yangu mukubwa alikuwa katikati ya kiwanja na lungo. Akazunguka. Akakunja magoti, chini, chini sana, maharagi ikapanda yote, ikanyamaza kule juu, na miye nikanyamaza nayo. Kwaa. Puu. Hakuna yenye ilianguka. Matone ya kwanza ikaanza kunipiga ku mabega, nikaacha ngoma, nikakimbilia magunia.

"Mukwe!" mama-mukwe akaita nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa amesimama, kitambaa ilianguka, hakuangalia mawingu, hakuniangalia hata miye. Alikuwa anaangalia ule mutoto.

"Unaenda wapi? Kaa chini, piga," akasema. "Maharagi inyeshewe leo."